Picha ya Kifua Isiyo na Mwenyewe

Nakumbuka siku moja mtani wangu Shija aliponinyamazia, na mpaka leo sijawahi kuogopa kimya cha mtu kama nilivyokiogopa kile. Nakuandikia habari hiyo, mwanangu, kwa sababu juzi umenipigia simu kutoka Korogwe ukaniambia nije huko hospitalini kwenu nitolewe mtoto wa jicho, na kabla ya hapo nipimwe moyo, nipigwe picha ya kifua, nitolewe na damu ya vipimo ambavyo hata majina yake sikuyashika. Nikakuitikia, "Sawa, daktari wangu." Tangu hapo usingizi wangu umekuwa wa mang'amung'amu. Mama yako anadhani naogopa kisu. Kisu sikiogopi, kilishanipita mwilini nikiwa kijana. Naogopa vile vipimo.

Najua utacheka. Cheka, lakini usome mpaka mwisho, maana jicho langu moja ndilo linaloandika na linachoka upesi.

Wakati huo nilikuwa nimetoka kwetu Handeni nikaja kukata mkonge kwenye shamba moja chini ya milima, upande wa Korogwe. Kazi ile haikuwa na mzaha. Unakata, unafunga, unayabeba mafungu begani hadi kwenye troli, na jua linakupiga utosini tangu asubuhi. Ndiyo iliyoniletea ngiri. Uvimbe wa limau ulinitoka kwenye kinena. Nikilala unarudi ndani, nikisimama unatoka. Ngiri ni ugonjwa wa aibu, na kijana mwenye mchumba hausemi. Mimi nilikuwa tayari nimemposa mama yako, kwao Vugiri juu mlimani, na mahari ilikuwa inazungumzwa. Kwa hiyo nilimwambia mtu mmoja tu, Shija.

Shija alikuwa Mnyamwezi wa kuzaliwa pale kambini, kwenye makazi ya wafanyakazi wa shamba. Baba yake aliletwa kwenye mkonge kutoka Tabora, akazeekea hapo. Na sisi Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za mababu. Siku hizi mnautaja utani kwenye simu zenu na kuucheka tu, lakini mtani wa kweli ni mtu mwingine. Atakutukana mbele ya wakwe zako. Atakamata kuku wako bandani bila kuomba. Hata msibani, wenzake wakilia, yeye atajifunika shuka la marehemu na kudai chai yake ya asubuhi. Wala hakasirikiwi, kwa sababu kazi yake ni kuwakumbusha walio hai kwamba wao bado wapo.

Nilipomwonyesha uvimbe wangu, Shija alicheka mpaka akakaa chini. "Mzigua bwana! Wenzako wanafuga mbuzi, wewe umefuga limau kwenye suruali." Kesho yake akanishika mkono kama mtoto, akanipeleka hospitali. Mama yangu mzazi, bibi yako yule unayefanana naye pua, alikuwa amekuja kunitembelea kutoka Handeni, naye akafuatana nasi.

Tulimkuta daktari kijana, mpole, mwenye sauti ya chini. Akanipapasa, akanikohoza, akatabasamu. "Ngiri ya kawaida. Upasuaji mdogo tu. Tutakutia ganzi, na baada ya siku chache uko kwenu." Shija akaanza kuuliza kama ile limau ikitolewa atapewa yeye. Tukacheka wote, daktari naye. Kisha akachukua kalamu aandike. Kalamu ikasimama kidogo. Akanitazama, akaitazama karatasi. "Tukupige na picha ya kifua," akasema, "kwa usalama."

Mama alifurahi huyo! Tulipotoka nje akasema, "Huyu ndiye daktari. Anapima. Siyo wale wanaokutazama usoni na kukupa vidonge." Mimi pia nilijiona nimeheshimiwa. Nilikwenda kwenye chumba cha picha kifua mbele. Liweke hilo moyoni, mwanangu, kwamba siku ile hapakuwa na mtu mbaya hata mmoja. Daktari alitaka niwe salama, mama alitaka nijaliwe, na mimi nilitaka niwapendeze wote wawili.

Ndani ya chumba kile giza, chuma cha baridi kilinigusa kifuani na mtu akasema nyuma ya ukuta, "Vuta pumzi, ishike." Niliogopa. Nikavuta nusu, nikaiachia. Hakuna aliyeona, wala mimi sikujua kama lina maana.

Daktari aliishika ile picha akaielekeza dirishani. Akaitazama kwa muda mrefu. Nilikuwa namtazama yeye, namsubiri atabasamu kama mwanzo, hakutabasamu. "Moyo wako unaonekana mkubwa kidogo," akasema. "Huenda si kitu. Lakini hatuwezi kukupasua mpaka uonwe na mtaalamu wa moyo, naye huja kwa zamu." Akaniambia nisubiri nitaitwa.

Neno "huenda si kitu" tuliliacha pale pale koridoni. Nyumbani tulifika na moyo mkubwa tu.

Mama hakurudi tena Handeni. Alibaki kambini kunilinda. Nikishika ndoo, ananipokonya. Nikicheka kwa nguvu, ananiambia nipunguze. Msimamizi wa shamba alisikia, akanipa kazi ya kivulini, halafu akaniambia nipumzike kwanza mpaka niwe na cheti. Majirani walipita mlangoni wakishusha sauti. Lisemwalo lipo, wakasema, na kijana aliyekuwa akibeba mafungu mawili kwa mpigo hawezi kukaa kitandani bure. Mimi nami nikaanza kuusikiliza huo moyo. Nikilalia ubavu wa kushoto nausikia kwenye mto. Ukiruka kidogo naketi. Nikiketi unaenda mbio, na ukienda mbio najua ndio mwisho. Mlima wa Vugiri, niliokuwa nikiupanda kila Jumapili kwenda kumwona mama yako, nikawa nautazama kutoka chini. Siku moja nilijaribu, sikufika hata kwenye migomba ya kwanza, nikasimama kuusikiliza moyo, hofu ikanirudisha. Nikamwambia mama kwamba daktari alisema kweli.

Na ile limau, wakati sote tunauangalia moyo, ilikuwa inakua.

Ndipo Shija akaja jioni moja na maharage ya kutuletea. Akakaa kwenye kigoda. Mimi nikajiandaa, nikangoja tusi langu, maana lilikuwa ndilo dawa pekee iliyobaki. Shija akaitazama mikono yake. "Unajisikiaje, ndugu yangu?" akauliza.

Ndugu yangu! Mtani wangu, aliyeniita kila jina la wanyama, aliniita ndugu yangu. Akakaa kidogo, akasema pole, akaaga. Nilibaki nautazama mlango. Mtani huchekesha hata mbele ya jeneza, na huyu alikuwa ananinyamazia mimi niliye hai. Basi nikajua kwamba kambi nzima wameshanizika, wanasubiri mwili tu. Picha haikuniua, wala moyo. Kimya cha Shija ndicho nusura kiniue.

Kesho yake nilimwita. Nikamtuma Vugiri kwa wazee wa mama yako. Nikamwambia, "Kawaambie wamwache huru. Sitaki binti wa watu aingie eda na hina ya harusi bado mkononi." Shija hakubisha. Alipanda mlima, akarudi kesho yake, akasema neno moja tu, "Nimefika." Sikuwa na ubavu wa kumuuliza zaidi. Niligeukia ukutani nikalia, na sioni haya kukuambia.

Haikupita muda mrefu, asubuhi moja limau ikakataa kurudi ndani. Nililala, ikakataa. Mama akanikanda kwa maji ya moto, ikawa ngumu kama jiwe. Maumivu yalipanda hadi kifuani na nikaanza kutapika. Shija na wenzake walinipakia kwenye trekta la shamba. Njia nzima, kila tairi lilipoingia shimoni niliita jina la Mungu, na mama aliniwekea kiganja juu ya moyo, si tumboni. Juu ya moyo! Hata pale utumbo ulipokuwa unanyongwa, sisi tulikuwa tunaogopa ile picha.

Bahati, siku ile alikuwapo daktari bingwa mmoja mzee, mwenye mvi, aliyekuja kusaidia upasuaji. Alinigusa mara moja tu akageuka. "Hii ni ya muda mrefu. Kwa nini hakupasuliwa mapema?"

"Moyo, mzee," akasema yule daktari kijana, akampa picha.

Mzee hakuitazama. "Nani aliiomba?"

"Mimi."

"Ulisikia nini kifuani mwake?"

"Sikusikia kitu, mzee. Lakini mtu wa dawa ya usingizi angeitaka. Asingeiona angemrudisha mgonjwa mlangoni siku ya upasuaji."

Mtu wa usingizi alikuwa pale pale akivaa glovu. Alishangaa. "Mimi? Kwa ngiri ya kijana kama huyu siombi picha. Nilipoikuta kwenye faili nikadhani wewe umesikia kitu kibaya."

Sista mkuu wa wodi naye akasema kwa sauti ndogo, "Sisi tunaona kila anayekuja kupasuliwa anapigwa picha. Tukajua ndio utaratibu wenu."

Mwanangu, mimi nimelala hapo, utumbo umekabwa, jasho linanitoka, nasikia watu watatu wenye elimu zao wakitafuta mwenye ile picha. Hakupatikana. Kila mmoja aliitunza akidhani ni ya mwenzake. Na mimi nilikuwa nimeibeba kifuani kama mzigo wa mkonge, nikasimamishwa kazi kwa ajili yake, nikamwacha mchumba kwa ajili yake.

Mzee akaniinamia. "Kijana, kabla hujaambiwa habari za moyo, siku ya mapumziko ulikuwa unafanya nini?"

"Napanda Vugiri, mzee."

"Kufuata nini huko juu?"

"Mchumba."

"Njiani unapumzika mara ngapi?"

"Sipumziki. Ana kaka zake. Nikichelewa wananifungia mlango."

Katikati ya mateso yale, yule mzee akacheka. "Moyo unaopanda Vugiri bila kupumzika utalala kwenye meza yangu bila taabu." Ndipo akainua picha kwenye mwanga, akaitazama mara moja. "Hakuvuta pumzi sawasawa. Kifua kisipojaa, moyo huonekana mnene. Mngemuuliza anachoweza kufanya, wala msingeihitaji." Kisha akamshika yule daktari kijana bega, bila kelele. "Usipoziba ufa utajenga ukuta. Huyu alikuja na ufa. Haya, nawa mikono, tukajenge."

Walinitia ganzi ya mgongo. Miguu ikafa, lakini masikio yalibaki. Nikawasikia wakifungua. Nikasikia mzee akisema, "Utumbo umeanza kuwa mweusi. Leteni kitambaa cha maji moto. Tusubiri tuone kama rangi itarudi." Tusubiri! Kitu pekee nilichosikia ni moyo wangu mwenyewe masikioni, du, du, du, ule ule uliokuwa umehukumiwa, unafanya kazi yake bila kumlaumu mtu. Niliuomba radhi. Baada ya muda ambao kwangu ulikuwa mwaka, yule kijana akasema, "Unarudi, mzee. Unakuwa mwekundu."

Siku iliyofuata alikuja akakaa kwenye ukingo wa kitanda changu, jambo ambalo madaktari wa wakati ule hawakulifanya. Akaniambia bila kuzungukazunguka. Kabla yangu aliwahi kufiwa na mama mmoja mezani, na watu walimuuliza kwa nini hakumpima hiki na kile, ingawa hakuna kipimo ambacho kingemsaidia. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. "Nilipokuwa nakuandikia," akasema, "sikuwa naufikiria moyo wako. Nilijiambia, akifa bila picha, wataniuliza picha iko wapi. Akifa na picha, hakuna atakayeniuliza kitu." Akainama. "Na mama yako alivyofurahi, nikaona nimefanya vyema." Yule mtu nilimpenda tangu saa ile. Baadaye alikuwa daktari wa kusikiliza watu mpaka foleni ikamlalamikia.

Na Shija je? Alikuja wodini mchana. Akasimama miguuni pa kitanda, akanikagua kama anayenunua ng'ombe mnadani. "Mzigua, kumbe hujafa? Nimeshamwahidi mtu viatu vyako." Nilicheka mpaka mshono ukaniuma, machozi yakanitoka, sista akaja kumfukuza. Kabla hajafukuzwa nilimuuliza kuhusu ule ujumbe wa Vugiri. Akasema, "Si nilikuambia nimefika? Nilifika, nikala ugali wao, nikawaambia umebanwa na kazi. Mtani hapeleki msiba wa mtu anayekula." Mama yako alisikia habari za moyo wangu siku aliponiletea ndizi hospitalini, akanigombeza mbele ya wodi nzima kwa kutaka kumwacha bila kumuuliza. Amekuwa akinigombeza tangu hapo, Mungu amzidishie nguvu.

Sasa nisikilize, mwanangu. Sikuambii uvitupe vipimo. Mgonjwa akikuambia halali bila kuegemezwa mito mitatu, kwamba miguu inamvimba jioni, kwamba ngazi mbili zinamkata pumzi, mpime, tena haraka. Ninachokuomba ni kwamba kabla kalamu haijagusa karatasi, ujiulize hilo swali ni la nani. Kama ni la mwenzako wa usingizi, chumba chake si mbali, nenda ukamuulize kwa mdomo, kwa maana kuuliza si ujinga. Huenda ukamkuta naye anadhani ni lako. Jiulize pia jibu likija utalifanyia nini. Kama mgonjwa atapasuliwa vile vile, basi kipimo hicho unampimia nani? Na mgonjwa akikusifu kwa kumpima, usilewe sifa hizo. Mama yangu alimsifu yule kijana kwa roho safi, na sifa zile nusura zinipeleke kaburini.

Lakini neno lililonitoa kitandani nikuandikie ni hili. Najua kwa nini umeniandikia mimi orodha ndefu kuliko wengine. Ni kwa sababu mimi ni baba yako na unaniogopea. Umeshaona watu wakifa mikononi mwako, na huwezi kustahimili niwe mimi. Hofu hiyo ni ya upendo, naipokea. Ila hofu ya daktari aibebe daktari mwenyewe. Ukiimimina kwenye karatasi, mgonjwa ndiye atakayeinywa, na atakwenda nayo nyumbani, atalala nayo, na nyumba nzima itaanza kunong'ona.

Tayari inanong'ona. Mama yako alimweleza Shija kwamba nimeitwa kupimwa moyo. Shija anaishi hapo hapo Korogwe, mzee mwenzangu, meno yamebaki ya kuhesabika lakini ulimi haujapungua. Miaka yote hii haijapita wiki bila kunipigia kunitukana. Jana amepiga. Nikakohoa, nikakaa sawa nipokee langu. Akauliza, "Unajisikiaje, ndugu yangu?"

Unaona sasa ninachokiogopa?

Jumatatu nitapanda basi la asubuhi, nitakuja. Uniamkie, nitakuitikia marahaba, kisha uniketishe na uniulize. Nitakuambia kwamba kilima cha kwetu kutoka kisimani nakipanda na ndoo mkononi na mazungumzo mdomoni. Nitakuambia presha ninayo na dawa zake nazimeza, hata siku mama yako asiponikumbusha. Nisikilize kifua kwa masikio yako mwenyewe. Ukisikia kitu, nipime chochote utakacho, sitabisha. Usiposikia kitu, niongoze kwa watu wa macho wanitoe huu ukungu, nikuone ulivyo na koti lako jeupe, maana bado sijakuona nalo vizuri.

Mungu akupe sikio linalotangulia kalamu. Akupe mkono usiotetemeka, na ukitetemeka akupe mwenzako wa kukushika bega. Wagonjwa wako watoke kwako wakiwa wepesi kuliko walivyoingia, na watoto wako wakuogopee kwa kiasi. Amina. Na ukishamaliza kunisikiliza kifua, kabla hata sijavaa shati, mpigie simu mzee Shija umwambie ulichosikia. Nataka anitukane nikiwa bado nimelala kitandani kwako.